Siku moja maishani mwangu: mkalimani wa mhubiri anayependa "thou"

Saa kumi na mbili asubuhi ni maji ya uvuguvugu yenye tangawizi kwa ajili ya koo, na Biblia mbili mezani: Union Version yetu ya Kiswahili, na King James, ile ya Kiingereza ya mwaka 1611. Mgeni wetu wa mkutano huu wa injili, mzee kutoka Marekani, hataki nyingine. Saa tatu semina ya wachungaji, saa sita chai na chapati, saa nane niko uwanjani tunajaribu vyombo.

"Mtumishi, si unarudia tu anachosema?" fundi mitambo ananiuliza huku akikunjua nyaya. Wengi wanatuona hivyo, kama spika ya pili yenye suti.

Ndugu yangu, Kiingereza cha leo kina "you" moja kwa mtu mmoja na kwa uwanja mzima. Mimi sina ruhusa hiyo. Lazima niseme "una" au "mna", na nina sekunde moja ya kuamua. Hapo King James ananiokoa, kwa sababu wafasiri wake walifuata Kiebrania na Kigiriki, ambazo hutenganisha mmoja na wengi kama sisi. "Thou" ni wewe peke yako, na kitenzi chake kinajitambulisha mwishoni: thou art, thou hast, thou knowest, thou shalt. "Ye" ni ninyi, nacho kitenzi hakiongezwi kitu. Anayetendewa huitwa "thee" akiwa mmoja, na "you" wakiwa wengi. Chukua Luka 22:31-32. Shetani amewataka "you", yaani wanafunzi wote. Yesu amemwombea "thee", Simoni peke yake. Msomaji wa Biblia ya kisasa ya Kiingereza anaweza kupita hapo bila kushtuka.

Saa kumi mkutano unaanza. Mzee anasoma Yohana 3, tunakwenda vizuri, sauti kwa sauti. Kisha anafunga kitabu, anafumba macho, na kuanza kuomba kwa Kiingereza cha 1611 alichokitunga mwenyewe.

"Thou knoweth!" Mwanzo ni wewe, mwisho ni yeye, maana hiyo -eth ni ya mtu wa tatu: God knoweth. Sawa, nasema "wajua". "Ye shalt!" Ninyi, halafu wewe. Naangalia kidole chake: kikielekea juu, ni Mungu, kikielekea mama wa mstari wa mbele, ni yule mama, akizungusha mkono, ni sisi sote. Jua linanichoma utosi, shati limeganda mgongoni, naye hapumui. Saa sikuiangalia tena.

Halafu, uso bado uko mbinguni: "O Lord... thou wast lost, and now thou art found!"

Nikitafsiri kama kilivyotoka, umati utasikia kwamba Bwana alikuwa amepotea na sasa amepatikana. Kabla sijavuta pumzi nikachomeka maneno mawili: "Wewe ndugu, ulikuwa umepotea, sasa umeonekana." Uwanja ukalipuka, amina juu ya amina. Mzee akafurahi, akarudia mara tatu. Maneno yangu mawili hayo, na hakuna aliyejua isipokuwa mimi.

Giza lilishaingia nilipomfuata mratibu. Nilimwomba kitu kimoja tu: mzee aombe kwa Kiingereza cha kwao, cha kawaida.

"Haiwezekani, mtumishi," akacheka. "Anasema 'thou' ndiyo heshima."

Heshima ipi? Katika kitabu hichohicho, Mathayo 16:23, Petro anaitwa Shetani na anaambiwa "thou art an offence unto me". Huyo naye kaheshimiwa? Enzi hizo Uingereza, mkubwa ndiye aliyeambiwa "you". "Thou" ilikuwa ya mtoto, mtumishi wa nyumbani na rafiki wa karibu. Lakini nilikuwa nimechoka kubishana, nikapokea bahasha ya nauli.

Kesho anasoma Mwanzo 3:9, "Where art thou?" Uko wapi. Hiyo naitafsiri hata usingizini. Nahofia maombi yatakayofuata.