Haraka usiku kucha

Kazi yangu ya kwanza ya kutafsiri ilikuwa ukurasa mmoja wa maelekezo kwa wagonjwa wanaokwenda kupimwa damu. Mstari wa tatu ulisema: Fast overnight before your blood test. Nikaandika: "Haraka usiku kucha kabla ya kupimwa damu."

Niliiona sentensi inachechemea, sikatai. Nikajiambia Kiingereza cha madaktari ndivyo kilivyo, nikapeleka.

Mhariri, mama mtu mzima mwenye miwani iliyoning'inia puani, alinirudishia karatasi ikiwa na wino mwekundu mahali pamoja tu.

"Mwanangu, huyu mgonjwa anakimbilia wapi usiku kucha?"

"Si fast, mama? Haraka."

"Kitenzi kiko wapi?"

Nikatafuta kwenye sentensi yangu, hakimo. Nikarudi kwenye ile ya Kiingereza, nikaondoa neno moja moja. Overnight, kielezi. Before, kihusishi. Blood test ndicho kipimo chenyewe. Likabaki fast peke yake, pale mwanzoni, na hapo ndipo jasho liliponitoka: mgonjwa anaambiwa afunge, asile.

Mama yule hakucheka. Aliligeuza lile neno huku na huku. A fast horse, farasi mwenye kasi, kivumishi. Run fast, kielezi. A long fast, mfungo mrefu, nomino. Kisha fast asleep, mtu kazama usingizini, wala kasi haimo. Akanieleza kwamba maana yake ya kale ni "imara": anayefunga ameshikilia sana, na anayekimbia alianza kwa kukaza mbio. Herufi nne zile zile, hazikuongezwa wala kupunguzwa.

Nikajitetea kwamba Kiswahili kina adabu zaidi. Funga, mfungo, mfungaji: kila moja linajulikana kwa viambishi vyake.

"Usijidai. Njoo haraka. Hapo haraka ni nini?"

"Kielezi."

"Na haraka haina baraka?"

Nikanyamaza. Ni nomino, tena ile "haina" imesimama pembeni yake kama shahidi. Na ni neno lile lile nililolichafulia ukurasa wa watu.

Kabla sijaondoka aliandika round pembeni mwa karatasi, na chini yake akachora vistari vitano. Vinne nilivijaza palepale: meza ya duara, raundi ya pili, kuikata kona, kugeuka nyuma. Cha tano kilinijia nikiwa nimeshafika ngazini. Walk round the house: kihusishi! Nikarudi mbio kumwambia.

Hakuinua kichwa. Alikuwa anamalizia kuandika juu ya mstari wangu: "Usile chochote usiku kucha, hadi utakapopimwa damu."