Doto hayumo

Asubuhi moja ya Julai 2021, baridi ya Tabora haijaachia bado, mlinzi wa getini alinipigia simu. "Bosi, njoo huku. Kuna kijana anasema kaajiriwa. Sura yake ninayo kwenye mashine, jina lake halimo. Halafu huyu mtu nilishamwingiza, sijui katokaje tena."

Nikateremka. Chini ya mwembe, pale bodaboda wanapojikinga jua, alisimama kijana wa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, bahasha ya kaki kaibana kwapani. Ndani ya geti, upande wa pili wa nondo, alisimama mwingine kama yeye, kadi shingoni, anamtazama mwenzake kwa haya. Pacha. Majina yao siyaandiki. Unyamwezini pacha wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto, yatosha. Aliyekuwa nje ni Doto.

Nilikuwa afisa utumishi wa kampuni moja kubwa ya tumbaku. Kila mwaka, kabla wakulima hawajaanza kumwaga mbegu kwenye vitalu, tuliajiri maafisa ugani wa kupeleka Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui. Mwaka ule walikuwa 43. Kwa utaratibu wa zamani, mwajiriwa mpya aliandika jina lake mpaka mkono ukauma: fomu ya masijala, ya mhasibu wa mishahara, ya NSSF, ya stoo kwa ajili ya pikipiki na helmeti, ya walinzi. Kila ofisi na karatasi yake, na mwenye karatasi ama yuko msibani ama kaenda chai. Wiki mbili zilikuwa zinakatika kijana yuko kwenye benchi la korido akisubiri funguo za pikipiki, na mshahara unahesabika.

Aliyeyashika yote yale alikuwa mzee wetu wa masijala. Alikuwa na kaunta buku jeusi, kalipiga mistari kwa rula, na kila aliyeleta vyeti alimwandika mwenyewe, polepole, ncha ya ulimi ikichungulia nje. "Mwangaluka," anamsalimia kijana hata kama ni Mhaya. Kisha anamuuliza kwao wapi, kafikia kwa nani hapa mjini, na kama ametia kitu tumboni.

Ndipo makao makuu wakaleta mfumo. Unaingiza taarifa za mtu mara moja tu, zinagawanyika zenyewe: anafunguliwa barua pepe, mhasibu anapata namba ya akaunti na TIN, stoo wanaambiwa watenge pikipiki na kishikwambi, walinzi wanaletewa jina na picha. Hata barua ya kuiarifu Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu ilijiandaa yenyewe, maana sheria inampa mwajiri siku 28 za kumtaja mhitimu aliyemwajiri, na kama anadaiwa, asilimia 15 ya mshahara ianze kukatwa. Niliupenda mfumo ule, na mpaka leo sijabadili mawazo. Nilimwambia mzee sasa apumzishe kaunta buku. "Sawa, mwanangu," akasema. Hakulipumzisha.

Kosa nililifanya mwenyewe, Ijumaa jioni, nikiwa na haraka ya kwenda kuangalia mpira. Orodha ya vijana ilikuwa kwenye Excel, na mfumo ulimtambua mtu kwa namba yake ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Namba ile ina tarakimu 20: nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, mwaka ukitangulia, kisha zinafuata nyingine zilizotengwa kwa vistari. Mfumo haukutaka vistari. Nikaviamuru vifutike vyote kwa mpigo. Safu nzima ikageuka vitu kama 1.99E+19. Nikajiona mjanja: nikabadili mwonekano wa namba, tarakimu zikarudi zote 20, nikahifadhi juu ya faili lile lile, nikachukua koti.

Sikutazama mwisho wa namba. Excel hushika tarakimu 15 tu. Zinazozidi inazigeuza sifuri, wala haikuulizi. Zikiwa na vistari zilihesabika kuwa maandishi, zikawa salama. Nilipovifuta zikawa namba, na tarakimu tano za mwisho zikafa pale pale, kwa watu wote 43.

Mfumo ulihesabu 20, ukaridhika. Kwa wengine hakuna aliyegutuka, lakini pacha walikuwa wamezaliwa siku moja, wamejiandikisha pamoja kata moja, na namba zao zilipishana huko huko mwishoni. Doto aliingia kwanza, kwa kuwa kwa alfabeti jina lake lilitangulia. Zamu ya Kulwa ilipofika, mfumo ukaona namba ile ile, ukadhani ni mtu yule yule kaleta taarifa mpya, ukamwandika juu ya mdogo wake. Jumatatu niliona kwenye skrini watu 42. Nikasema moyoni, kuna mmoja kapata kazi kwingine.

Kijana wa TEHAMA kule Dar aliniambia kwenye simu, "Kaka, hapa mfumo hauna tatizo." Alisema kweli, na ndiyo maana aliniudhi.

Mhasibu alikuwa anafunga orodha ya mishahara kesho yake. Barua za Bodi ya Mikopo zilikuwa tayari, zimebaki kutumwa, zote na sifuri zake. Nakala za vitambulisho zilishapanda basi kwenda makao makuu. Nikaenda masijala.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umefuata kaunta buku ukalichome?"

Jioni ile umeme ulikatika. Tukakaa wawili, mimi na kompyuta mpakato iliyobakiza chaji kidogo, yeye na taa ya simu, kidole kinatembea juu ya mstari. Safari hii niliifanya safu iwe ya maandishi kabla sijagusa kitu. Akaanza kusoma. "Moja, tisa, tisa, nne..." Kila alipofika kwenye kistari alitua. "Kistari," anasema.

"Mzee, vistari siandiki."

"Mimi nasoma kilichoandikwa."

Tukaenda hivyo, watu 43, vistari vitatu kila mtu. Tulipofika kwa Doto alisita, akanigeuzia kitabu. Pembeni ya majina yale mawili alikuwa ameandika kwa wino mwekundu, tangu siku walipoleta vyeti: *Pacha. Angalia za mwisho.* Sikusema kitu. Alikigeuza kitabu upande wake, akaendelea na wa chini yao.

Siku ile ya geti Doto alishinda masijala, akila karanga za mzee. Pikipiki yake ilitoka Alhamisi. Kulwa alishafika Sikonge, na kwa wiki nzima simu yake iliendelea kupokea meseji za kukaribishwa kazini, mbili mbili.