Kisanduku cha mama

Jamani kimekamilika leo!

Mnakumbuka yale mabaki ya mbao za kenchi tulipoezeka nyumba, zile mbili kwa nne za paini? Zimekaa uani miezi, kila mtu anasema kuni, mi nikakataa.

Nikapeleka Keko fundi akanichania vipande vyembamba kama nusu inchi hivi, bahati zilishakauka maana mbao mbichi ingepinda tu. Nyumbani nikapiga randa, gundi, nikazibana pembe na kamba za mpira usiku kucha, halafu msasa, namba 80, 120, mwisho 240. Hapo kwenye msasa ndo si pa kuharakisha kabisa.

Sasa kwenye kifuniko kuna fundo la mti. Nilitaka kulikata.

Jana nilipopaka vanishi likaiva wekundu kama jicho, mistari ya mbao inalizunguka kama maji, nikakaa nalitazama tu mpaka adhana ya magharibi.

Leo mama kaweka hereni zake humo. Kafunga. Kafungua tena, kanusa mbao.

Nyie mabaki yenu mnafanyia nini? Na bawaba ndogondogo Kariakoo napata mtaa gani, kwa sasa nimeunga na kipande cha ngozi.