Majina Aliyoyaandika Shangazi

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu. Ijumaa hii naomba tuizingatie hadithi aliyoipokea Ibn Umar, imo katika Bukhari na Muslim: haimpasi Mwislamu mwenye kitu cha kuusia alale mausiku mawili ila wasia wake uwe umeshaandikwa. Wengi wetu huisikia darsani, tukaitikia, tukaenda zetu. Shangazi yangu, Mola amrehemu, aliisikia redioni mwezi wa Ramadhani, na kabla ya daku alikuwa ameshaagiza anunuliwe daftari.

Alikuwa amepita sabini. Umri wake wote aliuishi Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, akipika, akilea wake na wasio wake, wala hakuwahi kuandika hata barua. Skuli hakwenda. Alisoma chuoni, akahitimu Qur'ani angali kigoli, kwa hiyo herufi alizozijua ni za Kiarabu, na ndizo alizoandikia Kiswahili chetu, kama walivyoandika wazee wa mwambao huu tangu na tangu. Alikaa kitandani karibu na dirisha baada ya Alasiri, sinia mapajani ndiyo meza. Herufi ya p ilimsumbua sana, maana Kiarabu hakina, na lazima itiwe nukta tatu. Basi akimaliza ukurasa hurudi juu, akashuka mstari kwa mstari akizitia nukta zake, midomo ikicheza kama mtu anayevuta uradi.

Alianza na madeni. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqarah 282, ni ya kuamrisha deni liandikwe, naye alilishika hilo: muuza samaki anadai kiasi gani, sufuria ya shughuli ni ya jirani yupi. Halafu akaorodhesha marehemu aliotaka tuwaombee. Hapo ndipo kalamu ilipokataa kusimama. Jina tupu halikumtosha. Alitaka tujue tunamwombea nani, na alimfaa nani kwa lipi. Orodha ya ukurasa mmoja ikawa daftari, likaisha, likaja jingine.

Walikuwako waliosema, tena mbele yake, kwamba bibi mzima kama yule angeshika tasbihi tu. Maneno hayo yaliniuma. Aya tano za mwanzo kuteremka zimeitaja kalamu. Shifaa binti Abdillahi, sahaba wa Mtume (s.a.w.), ndiye aliyemfundisha Bibi Hafsa kuandika. Na huku kwetu, Mwana Kupona binti Msham wa Pate aliutunga utenzi wa kumwusia binti yake karibu mwaka 1858, naye ni mgonjwa, na haikuchukua muda mrefu akafariki. Shangazi alizijua beti zake kwa moyo. Aliyesikia wasia ule tangu utotoni hangeona ajabu mwanamke kuandika wakati siku zimekaribia.

Sasa namsomea kurasa hizo mwanangu, maana vijana wetu hati ile hawaijui, na kila jioni nazihamishia katika herufi za kirumi. Kuna habari ya bibi mmoja aliyekuwa akiuza viazi vya karai jioni, na ndiye muosha maiti wa kike wa mtaa. Hakujaaliwa mtoto. Shangazi ameandika: "Akiitwa, huacha karai motoni akamwachia yeyote aliye karibu. Mama yangu alipofariki, yeye ndiye aliyemuosha, nami nilimshikia maji. Alimfunika vizuri sana, hata mimi mwanawe sikuona alipopaficha. Alipokufa yeye, nani alimsomea siku ya arubaini? Msomeeni." Niliposoma hapo nilishindwa kuendelea, mwanangu akanipokonya daftari akitaka nimwonyeshe jina la bibi yule limeandikwa wapi.

Mtume ametufundisha kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika ila tatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemwombea. Bibi yule mtoto hakuwa naye. Lakini Shangazi amempatia waombaji kwa kalamu ya wino ya bei rahisi kabisa, na mimi naamini hiyo ni sadaka kwao wote wawili. Nawasihi walio na wazazi na mashangazi hai: wapeni madaftari. Asiyeweza kushika kalamu, kaeni naye mumwandikie.

Hitima ya Shangazi tutaisoma nyumbani Alhamisi ijayo baada ya Maghrib, inshallah, na majina yote ya daftarini yatatajwa. Moja linakosekana. Ni la mzee aliyekuwa akileta maji kwa mkokoteni mitaa ya Kibokoni na Kuze, akimimina ndoo moja bure kwa kila nyumba yenye eda. Shangazi alilisahau, akaacha nafasi katikati ya mstari. Mwenye kulijua, au mwenye mzazi anayeweza kulikumbuka, tafadhali atuletee kabla ya siku hiyo.