Samaki mmoja akioza kwenye foleni ya viza

Mkenya na Mrundi wanaweza kupata nafasi katika chuo kimoja cha Marekani, wakatumiwa siku moja fomu ya I-20, ambayo chuo humpa mwanafunzi wa kigeni ili aombee viza, kila mmoja akalipa dola 350 za SEVIS (mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni) na dola 185 za maombi ya viza. Mkenya atasubiri mahojiano. Mrundi, tangu tarehe 9 Juni 2025, analijua jibu kabla hajafika dirishani.

Tamko la Rais Trump wa Marekani la tarehe 4 Juni mwaka huo liliweka nchi 12 kwenye zuio kamili la raia wake kuingia Marekani na 7 kwenye zuio la sehemu. Burundi imo katika hizo saba, na kilichofungwa ni viza za kuhamia, za B za matembezi na biashara pamoja na F, M na J za masomo na mabadilishano. Tanzania nayo iliongezwa kwenye zuio la sehemu kuanzia tarehe 1 Januari 2026. (Kongo iliyotajwa Juni ni ya Brazzaville. Wenye pasipoti ya Kinshasa wasiichanganye na yao.)

Sababu iliyoandikwa kwa Burundi, upande wa masomo, ni asilimia 17.52: kiwango cha wenye viza za F, M na J waliopitiliza muda wa kukaa Marekani, kwa ripoti ya serikali ya huko ya mwaka wa fedha 2023. Hesabu yenyewe ndiyo inayostahili kuchokonolewa. Waandaaji wa ripoti wanachukua wote waliotarajiwa kuondoka mwaka huo, kisha wanatafuta ni wangapi hawakuondoka kwa wakati. Kiwango cha jumla kinawachanganya wasio na rekodi yoyote ya kutoka na waliotoka wakiwa wamechelewa. Aliyekwisha rudi kwao anakaa kapu moja na aliyetokomea.

Halafu kuna udogo wa idadi. Chukua mfano wa nchi yenye wanafunzi 200 wanaotarajiwa kuondoka: wakipitiliza 35, hiyo ni asilimia 17.5. Nchi yenye wanafunzi 100,000 ikiwa na 2,000 waliopitiliza, ni asilimia 2 tu, na inaonekana safi. Asilimia inaziumiza nchi ndogo hata pale ambapo idadi ya watu wenyewe haijazi basi moja.

Kinachonikera zaidi ni kwamba mkosaji anajulikana kwa jina. Mwanafunzi asipojisajili, chuo kina siku 30 tangu masomo kuanza kuliripoti hilo kwenye SEVIS. Akiacha masomo katikati, siku 21. Mfumo unamfuatilia mtu mmoja mmoja, lakini adhabu inamwangukia mdogo wake wa kijijini ambaye hajawahi hata kuomba pasipoti.

Chujio la mtu binafsi nalo lipo siku zote. Kifungu cha 214(b) cha sheria ya uhamiaji ya Marekani kinamhesabu kila mwombaji wa viza ya masomo kuwa anataka kuhamia moja kwa moja mpaka amridhishe afisa kwamba sivyo. Ukinyimwa kwa kifungu hicho huna rufaa, ila unaweza kuomba tena na ushahidi mpya. Zuio la kufuata uraia linasimama juu ya kifungu cha 212(f), kinachompa rais mamlaka ya kuzuia wageni kuingia, na hapo hata ufadhili wa asilimia mia si hoja. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1965 ilikataza ubaguzi wa uraia katika utoaji wa viza za kuhamia, lakini viza ya mwanafunzi ni ya muda, kwa hiyo katazo hilo halimfikii. Na mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliyakubali mamlaka ya rais chini ya 212(f).

Kwa aliyekwama, mambo haya yana uzito. Kinachoangaliwa ni pasipoti: Mrundi anayeishi Nairobi bado ni Mrundi, na kuhamishia ombi ubalozi mwingine hakumsaidii. Mwenye uraia wa nchi mbili anaweza kutumia pasipoti ya nchi isiyomo orodhani. Viza iliyokuwa hai siku zuio lilipoanza haikufutwa na tamko. Aliyeko chuoni viza ikamwishia anaweza kumaliza masomo maadamu hadhi yake ni halali, kwa kuwa viza ni ya kuingilia tu. Akienda msibani nyumbani, ndipo mlango unapofungwa nyuma yake.

Usikimbilie kulipa. Dola 185 hazirudi hata ukinyimwa. Za SEVIS zinaweza kutumika tena kwa viza ya aina ileile ukiomba ndani ya miezi 12 baada ya kunyimwa. Kabla ya yote mawili, kiandikie chuo kikusogezee nafasi hadi muhula unaofuata na kukutolea I-20 mpya, na umwombe mfadhili athibitishe kwa maandishi kwamba fedha zitakungoja. Nafasi iliyosogezwa bila ufadhili kusogezwa ni karatasi tu.