Nilivyowauzia dagaa wa Mwanza watu wenye dagaa wao

Nikisema dagaa wangu wanavuka Ziwa Tanganyika kwenda Kongo, watu wa Kigoma wanacheka mpaka wanashika mbavu. Nawaelewa. Dagaa wa Kigoma wanasifiwa nchi nzima, na wa kwetu wa Ziwa Victoria wamezoeleka kama chakula cha kuku. Mtu atoke Kirumba hapa Mwanza, apite Kahama, Kibondo na Kasulu, ateremke Kibirizi kule Kigoma, apakie boti, aende kumuuzia mama wa Kalemie dagaa? Nimefanya, naendelea kufanya, na mzigo ujao umeshalipiwa nusu. Wacheke tu.

Nianze na walionipotosha, maana bado wananikera. Semina ilikuwa hapa hapa Mwanza, chai na sambusa za bure. Mtaalamu alisema mambo mengi ya kweli: kwamba sangara amevuliwa kupita kiasi, kwamba dagaa ndio wengi ziwani, wanakomaa ndani ya mwaka mmoja na kuzaana upesi, na kwamba ni hasara kubwa samaki mwenye madini kiasi hicho kuishia bandani kwa kuku. Hapo tulikuwa pamoja. Kisha akasema soko liko Ulaya na Dubai, na kinachotukwamisha ni vifungashio.

Vifungashio! Nikanunua mifuko ya plastiki inayosimama yenyewe, yenye zipu na kidirisha. Nikachapisha lebo ya Kiingereza yenye mtumbwi na jua linalozama. Nikanunua na kimashine cha kubania mdomo wa mfuko. Hela iliyokwenda hapo ingenunua mbuzi kadhaa wenye afya. Dagaa niliowatia walikuwa wakavu kwa macho, lakini dagaa ana mafuta, na akibakiwa na unyevu kidogo halafu ukamfungia pumzi, anatoka jasho humo ndani. Baada ya muda mifuko ikaota ukungu, na mafuta yakachacha. Mimi sikujua, maana sampuli zilikuwa zimeshasafiri kwa ndugu yangu aliyeko Muscat, awaonyeshe wenye maduka. Akafungua mfuko sebuleni, wageni wamekaa. Alinipigia usiku akauliza, "Dada, umenitumia dagaa au umenitumia marehemu?"

Ulaya ndiyo hata kugonga mlango haikuwezekana. Kule mzigo wa biashara lazima utoke kwenye kiwanda kilicho katika orodha yao. Viwanda vya sangara hapa mjini vimo, lakini mwanamke mwenye kimashine cha kubania mifuko hayumo. Hilo kwenye semina halikutajwa.

Soko lenyewe lilikuwa linanipita kila asubuhi pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba. Wanunuzi wa Kikongo na Kirwanda hawaulizi lebo. Mtu anachota konzi ya dagaa, anasugua kiganjani, anapuliza, anatazama kilichobaki. Ukibaki mchanga, bei inaporomoka hapo hapo, na magunia ya namna hiyo mengi ndiyo yanayoishia kwa watengeneza chakula cha kuku.

Mchanga unatoka wapi, kila mtu wa ziwani anajua: dagaa wanaanikwa chini. Kisichosemwa ni kwamba mchanga nao una kilo. Mwanikaji anayelipwa kwa mzani, umwambie atoe mchanga na akaushe zaidi, maana yake unamwambia apunguze kipato chake. Ndiyo sababu wanaohubiri usafi visiwani wanapigiwa makofi, kisha dagaa wanamwagwa mchangani kama jana.

Nilikwenda kisiwa cha Goziba kuongea na akina mama waanikaji. Niliwataka waanike juu ya chanja. Chanja si kitu cha ajabu, ni miti na nyavu kuukuu zilizotandazwa usawa wa kiuno. Gharama haifiki laki mbili, hasa fundi akiwa shemeji yako. Lakini mama mmoja mtu mzima alinitazama akasema, "Mwanangu, chini namwaga ndoo zote asubuhi, naenda kulala. Huko juu zitaingia ngapi?" Alikuwa na hoja. Juu ya chanja unatandaza tabaka jembamba, unageuza, unafukuza ndege, mvua ikitishia unakimbilia turubai. Kwa hiyo sikumhubiria mtu afya. Nilisema dagaa wa chanjani nawanunua kwa bei ya juu kwa kilo, taslimu, pale pale mwaloni, na wa mchangani sinunui hata kwa mkopo. Giza lililofuata, yaani msimu wa usiku usio na mbalamwezi ambapo dagaa wanavuliwa, nilikuta chanja zimeota mpaka nyuma ya vibanda vya chai.

Mama yule yule ndiye aliyenifundisha kupima ukavu. Mkunje dagaa; akipinda bado, akikatika twende. Tumbukiza mkono katikati ya gunia, pakiwa na vuguvugu usipakie. Na usiwafungie kwenye plastiki nzito, tumia salfeti ipitishe hewa. Kuna wanaopulizia dawa ya wadudu ili mzigo usiliwe. Mtu huyo mkimbie hata akikupa nusu bei.

Wale wadogo kama uzi, wanaovuliwa kwa nyavu zisizoruhusiwa, siwagusi, na BMU, kikundi cha wanakijiji wanaosimamia uvuvi mwaloni, wa kule wananijua. Msinipe utakatifu. Wakikauka wanakuwa unga, na Mkongo hanunui unga.

Kisha likaja la 2024. Nchi zinazolizunguka Ziwa Tanganyika zilikuwa zimekubaliana kulipumzisha ili samaki wazaliane, na upande wetu uvuvi ukafungwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti. Wengine walilia. Mimi nilipiga hesabu: watu waliozoea dagaa hawawezi kuacha kula dagaa miezi mitatu. Makaratasi siyaelezi, kila mfanyabiashara anayajua. Nitasema moja tu: sampuli ipeleke mapema maabara ya ubora wa samaki ya Nyegezi, hapa Mwanza, usisubiri gari liwe linanguruma getini.

Nilifika Kalemie na tabasamu, nikakuta sura zimenuna. Kumbe kuna mjanja alinitangulia na dagaa wa Mwanza wa mchangani. Mama mmoja wa sokoni hakutaka hata kufungua gunia. "Mutanzania, ile ya mbele ilikuwa michanga tupu. Mutoto alilia juu ya meno."

Sikubishana. Nilinunua majagi mawili ya kioo, nikayajaza maji safi, nikayaweka juu ya meza yake. Nikamwomba alete konzi ya dagaa wale waliomkera. Tukawatia kwenye jagi moja, wangu kwenye jingine, tukakoroga, tukaacha yatulie. Watu wakaanza kusogea, maana sokoni hakuna kinachovuta watu kama mtu anayekoroga dagaa kwenye jagi la juisi. Jagi lao likaweka tabaka la mchanga chini, unaweza kulipima kwa kidole. Langu likabaki na magamba mawili matatu yanaelea.

Nikadhani nimeshinda. Bibi mmoja akatoka nyuma ya umati, akasema gunia nililofungua nimelitengeneza mwenyewe. Akaamuru lishushwe gunia la chini kabisa, akaingiza mkono mpaka kwenye kwapa, akatoa konzi yake. Nilijifanya natazama simu, moyo ukiwa koo. Yakakorogwa upya, yakatulia. Safi. Bibi akasema, "Sasa tuseme bei," na hapo akanikamua mpaka nikajuta kumpa jukwaa. Lakini mzigo uliisha siku ile ile.

Kwa utamu wamesema wa kwao hawana mpinzani, nami nimekubali kwa roho moja. Lakini hata baada ya ziwa kufunguliwa waliendelea kuagiza, kwa sababu wa kwangu wana bei nafuu na wanavumilia safari ya bara, Nyunzu na Kabalo, ambako treni hufika inapotaka yenyewe.

Mengine ni madogo madogo. Kwenye boti, gunia lisikae chini kabisa hata nahodha akiapa hapaingii maji, weka mbao. Wiki za mbalamwezi wavuvi hawatoki, kwa hiyo usimwahidi mteja tarehe kabla hujatazama mwezi. Na ukilipwa dola Kalemie, ikague kila noti kwenye mwanga. Kule noti yenye mchaniko mdogo tu kila mtu anaikataa, ila mwenye deni lako atajaribu kukupenyezea. Mwambie hapo hapo abadilishe, mama, usione haya.