Laki tatu bila risiti

Mimi ni mhasibu. Kutwa kazi yangu ni kuwarudisha watu dirishani: hii risiti si ya EFD (ile mashine ya kodi), hii tarehe haisomeki, hapa kasaini nani? Kwa hiyo mwaka jana shoga yangu aliponiita kwenye kundi la watu kumi, kila mmoja atoe elfu thelathini kwa mwezi, kijana mmoja apewe laki tatu bila mkataba wala ripoti, nilimuuliza kama ana homa.

Wazo si letu. Lilianzia Boston, Marekani, mwaka 2009, kwa jina la Awesome Foundation: watu kumi, dola 100 kila mmoja, dola 1,000 anapewa mwenye wazo, na hadaiwi hisa wala marejesho. Kwangu ulikuwa mchezo kama ule wa kina mama wa mtaani, ila huu zamu yako haifiki kamwe.

Wa pili tuliyempa alikuwa kijana wa Kigogo, Dar es Salaam, miaka 19. Anayeijua Kigogo anaujua Mto Msimbazi: mvua inanyesha huko juu Pugu, kwenu kukavu, usiku unashtukia maji yako uvunguni. Alitaka kufunga kifaa chini ya kivuko cha miguu, kipime kina cha maji kwa mwangwi wa sauti, maji yakipanda kitume meseji kwa majirani. Maombi yake yalikuwa ujumbe wa sauti wa dakika tatu, nyuma jogoo anawika. Kwingine alikokwenda aliambiwa alete profoma tatu na barua ya serikali ya mtaa. Ile mikopo ya halmashauri, ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, haina riba, sawa, lakini vijana hukopeshwa kwa vikundi, na mkopo hulipwa. Yeye yuko peke yake, na onyo la mafuriko atamuuzia nani?

Tukamtumia, na ya kutolea juu.

Wiki ya tatu, simu. "Shikamoo dada. Samahani, kimeungua." Alinunua Kariakoo kile kipimo cha bei rahisi kisichostahimili maji, unyevu ukaingia, kwisha. Swali la risiti lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nikameza mate, nikauliza, "Imebaki ngapi?" Laki na themanini. Ofisini kwangu hiyo ingekuwa hoja ya ukaguzi: angeandika maelezo, kamati ingekaa, masika yangepita. Yeye kesho yake alirudi Kariakoo.

Kipimo cha pili, kisichoingiza maji, kikatangaza mafuriko saa saba mchana, jua linawaka. Lundo la chupa za plastiki lilikwama chini yake, kikadhani ni mto. Ikabidi aandike programu upya: kina kikiruka ghafla, kisubiri, kwa sababu maji, hata ya mafuriko, hayaruki kwa mara moja.

Si wote wako hivyo. Wa nne tulimpa, simu yake haipatikani mpaka leo, na inaniuma kila nikifungua daftari.

Masika haya meseji ilikuja saa nane usiku. Maji yalipofika mlangoni kwao, mama yake alikuwa ameshapandisha godoro na unga juu ya kabati.

Jana kijana kanitumia picha za risiti zake zote. Za mkono, hakuna hata moja ya EFD. Sikuziomba. Nimezichapa, ziko kwenye faili.